Utosi umeanza kung'aa: niendelee na dawa au niende moja kwa moja kupandikiza nywele?

MamaJay_Sakina

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa kwa wadada na wamama waliopitia hii kitu, na kama kuna mtu wa afya humu ndani karibu sana. Mi niko Arusha, Sakina, umri arobaini kasoro kidogo. Ni miaka sasa nywele za utosini zinakatika, mwanzo nikajua ni msusi anavuta sana nikahama saluni, nikahama tena, hamna kitu. Pale katikati panawasha, jioni panauma ukigusa hata kwa kitana, alafu nywele zikawa zinabaki fupi fupi kama zimekatwa na mkasi butu, na sasa hivi kuna duara ukubwa wa kiganja cha mtoto, ngozi imelainika inang'aa na ukiangalia karibu huoni hata vitundu vya nywele.

Nimepaka mnyonyo, nimepaka kitunguu maji mpaka watoto wakanikimbia, nimeosha na maji ya mchele, famasi wakanipa dawa ya fangasi nikamaliza. Mwisho dada yangu akanilazimisha nikashuka Moshi pale KCMC kwenye kliniki ya ngozi, wakanikata kinyama kidogo kichwani kikaenda kupimwa, majibu yakatoka wanaita CCCA, kwamba ni upotevu wa nywele wa makovu. Nimeanzishiwa klobetasoli ya kupaka, vidonge vya doksisaiklini, na kila baada ya wiki kadhaa narudi kuchomwa sindano hapo hapo kichwani (zinauma jamani, nisiwadanganye).

Kuwasha kumepungua kweli, hilo sikatai. Ila nywele kwenye lile duara hazijaota hata moja, na nimeshakaa miezi ya kutosha. Sasa wifi yangu kaniunganisha na wakala wa kupandikiza nywele Istanbul, unalipa kifurushi kimoja, hoteli humo humo, gari la uwanja wa ndege humo humo. Nimemtumia picha tu Whatsapp, ndani ya nusu saa kanijibu nafaa kabisa nitume advansi. Mzee wangu yeye anasema hela hiyo bora tumalizie nyumba, mi nivae wigi tu. Naombeni mnisaidie, hizi dawa za nini kama hazioteshi? Na kupandikiza kunafaa kwa mtu kama mimi? Natanguliza shukrani.

Mnyonyo_Asilia

Pole sana dada. Usihangaike na hospitali, mi nina mafuta ya mnyonyo orijino nakamua mwenyewe nimechanganya na karafuu na rozmeri, kipara chochote wiki sita kinajaa. Nicheki pembeni.

BintiWaRau

We Mnyonyo_Asilia mtu kashasema mnyonyo kapaka na bado unamuuzia mnyonyo 😂 yeleuwii

AfisaNgozi_KLM

MamaJay pole na hongera pia kwa kukubali kukatwa kinyama, wengi wanakimbia hapo. Mi nafanya kazi ya ngozi huku Kilimanjaro, sikutibu mimi na sitaki kuingilia mwenzangu, ila nikueleze jinsi inavyokwenda maana naona hujaelezwa kwa urefu, kliniki zetu foleni unaijua.

Kupotea nywele kuna makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza mzizi upo hai ila umelala au umechoka: ukijifungua, ukipungukiwa damu, ukiumwa homa kali, hata ile ya mabaka ya duara duara yanayotokea ghafla. Hapo nywele inaweza kurudi. Kundi la pili ndio lako, kinga ya mwili inaleta uvimbe kuzunguka mzizi, na unaoharibika ni ule ukanda wa juu wa mzizi wenye seli mama, zile ambazo kila mara zinaanzisha unywele mpya. Zikifa hizo sehemu yake linakaa kovu na hapo hakuna kitu cha kupaka wala kumeza kitakachootesha, awe daktari, awe mganga, awe ndugu yetu wa karafuu hapo juu.

Kwahiyo ukiuliza dawa za nini, dawa ni za kulinda zile nywele ambazo bado ziko pembeni ya duara. CCCA inaanza utosini na inatanuka kwenda nje pande zote, mtu akiiacha miaka inaweza kumaliza juu yote. Wewe unalipima duara kwa kuangalia katikati kama kumeota, sisi tunalipima kwa kuangalia ukingo kama umesogea. Mwambie mtu wa nyumbani akupige picha kwa juu, nywele zimegawanywa vile vile, mwanga ule ule, kila baada ya miezi mitatu hivi. Kama ukingo haujasogea na kuwasha kumeisha basi dawa inafanya kazi hata kama kioo hakikufurahishi.

Doksisaiklini usishangae umepewa antibayotiki, hapa hatuui bakteria, tunaitumia kwa sababu inatuliza uvimbe. Imeze na chakula na maji mengi na usilale hapo hapo maana inachoma koo vibaya, jua la mchana linaweza kukubabua kirahisi, na kama unatafuta mtoto au una mimba sema mapema. Sindano ni steroidi (triamsinoloni), inapigwa kwenye ukingo wenye uvimbe, katikati palipokufa hakuna cha kutuliza. Ikizidi inaweza kuacha ngozi imebonyea ndio maana wanakupa nafasi ya wiki. Klobetasoli ni kali, isishuke usoni, na tafadhali usimgawie jirani akapakie chunusi, nayaona sana haya.

Wengine wakishindwa na hizo wanaanzishiwa hidroksiklorokwini, hiyo ina masharti ya kupima macho, au dawa nyingine za kushusha kinga. Na uvimbe ukishatulia ndio wengi huongeza minoksidili, kwa ajili ya mizizi iliyodhoofika ukingoni ambayo haijafa. Hiyo ndio inaweza kukurudishia kidogo. Ukiianza wiki za kwanza nywele zinaweza kudondoka zaidi, usiitupe.

Msusi_Kijenge

Naomba niseme kidogo na mimi maana kila ugonjwa wa nywele ukitajwa tunasakamwa wasusi. Nina saluni huku Kijenge, nimesuka vichwa vya kila aina. Huyo mtu wa utosini mi namjua akikaa tu kwenye kiti, ukimgawa mstari unakuta katikati nywele nyepesi alafu zimekatika urefu haulingani, ukimuuliza panauma anasema kidogo. Wengi hawapendi uwaambie. Kuna mteja nilimwambia mama nenda hospitali akasema namharibia siku, akaenda saluni ya jirani wakamshonea wivingi juu yake.

Ila wa mbele pia nawaona, hao wa kusuka rasta ndogo ndogo zimebanwa mpaka nyusi zinapanda, akitoka hapo anameza panadoli alale. Hao ni sisi na wao, sikatai. Mtoto wa miaka saba unamsuka rasta za kufika kiunoni kwa ajili ya kipaimara cha dada yake, kichwa kizito hawezi hata kugeuka. Mi nimeacha, wananiita mama mgumu.

Swali langu kwa Afisa, hii ya utosini inasababishwa na sisi au sio? Nijue moja.

AfisaNgozi_KLM

Msusi swali zuri na jibu lake halijakamilika duniani, ila si ninyi peke yenu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanawake weusi wenye tatizo hili wakalibebesha chanuo la moto, wazo lao lilikuwa kwamba mafuta ya mgando yanayeyuka kwa joto yanashuka mpaka kwenye mzizi na kuuchoma. Baadaye wakakutana na wanawake wengi ambao hawatumii hilo chanuo kabisa na ugonjwa wanao. Mwaka 2019 utafiti ukaonyesha sehemu ya wagonjwa wana kasoro kwenye jeni (chembe ya urithi) inaitwa PADI3, inayohusika na utengenezaji wa shina la unywele. Kwahiyo kuna wengine wanazaliwa na mzizi dhaifu, na mama na shangazi wanakuwa nao. Juu ya huo udhaifu ukiweka rilaksa, joto na kuvuta, unaongeza mzigo. Ndio maana namwambia mgonjwa alegeze mitindo, ila simwambii kajitakia.

MamaJay kama una mabinti waangaliwe utosi mapema, dalili ya kwanza mara nyingi ni kukatika tu pale juu, kipara kinakuja baadae. Na jambo lingine ambalo watu hawaambiwi, utafiti wa 2018 uliona wanawake wenye CCCA wana uvimbe wa kizazi, ule wa faibroidi, zaidi ya wengine. Haimaanishi unao. Ila kama hedhi zako ni nzito kamwambie daktari wa kina mama.

Shanty_Mama

Nimesoma nikasema na mimi nichangie maana nimepandikiza. Niko Moshi, nimeshafikisha miaka hamsini na kitu, ugonjwa wangu si wa dada wa Sakina, wangu unaitwa FFA, unakula mbele. Paji la uso linapanda kidogo kidogo, na nyusi ziliondoka kabla hata ya nywele. Miaka mingi kila ninapokwenda naambiwa ni rasta, acha rasta, na mimi rasta nilishaacha zamani nasuka twende kilioni za nyumbani tu! Mpaka kijana mmoja wa kliniki ya ngozi akaniuliza mama nyusi zako ziko wapi. Hapo ndio ikajulikana. Akaniambia aliyevutwa na rasta mara nyingi hubaki na mstari wa vinywele laini mbele kabisa, mimi hata hivyo vinywele sina, na nyusi rasta haziwezi kuzigusa.

Nikatibiwa, vidonge na sindano, na kwa kuwa nimeshaacha kuzaa nikapewa na finasteridi, hiyo mabinti msiiguse kiholela ina madhara kwa mtoto wa kiume tumboni. Ugonjwa ukasimama. Baadae sana nikaenda kupandikiza, nje ya nchi, jina la mahali sitaji.

Kabla sijaenda daktari wangu alinikalisha chini. Akaniambia mama kuna utafiti ulitoka 2019 wa wagonjwa 51 wa FFA waliopandikizwa, mwaka wa kwanza vipandikizi vilivyokuwa hai ni asilimia 87, mwaka wa tano asilimia 41. Yaani ugonjwa unarudi unakula na zile mpya. Akasema uamuzi ni wako. Nikaamua niende, binti yangu alikuwa na sendofu na harusi nyuma yake na mimi nilitaka kusimama ukumbini na paji langu. Nikasimama! Picha ninazo sebuleni. Sasa hivi zimeanza kupungua kama alivyosema na wala sijuti, ila nilijua naingia wapi. Wakala wa kukujibu kwa picha nusu saa hakuambii haya.

ChaliiWaNgarenaro

Aisee wamama mnapitia mengi. Sisi tukipata upara tunanyoa yote tunasema ni stailo maisha yanaenda 😅 Ila serious, mbona jamaa zangu wamepandikiza Uturuki wamerudi wako poa kabisa na hawakutumia dawa za miaka?

AfisaNgozi_KLM

Chalii, upara wenu wa kiume ngozi haina ugonjwa wa makovu. Nywele za kisogoni zina tabia ya kutokudondoka, ukizihamishia mbele zinaendelea na tabia yao ya kule zilikotoka, hilo daktari Orentreich wa New York aliliandika 1959 na ndio msingi wa biashara yote ya kupandikiza. Kwa upotevu wa makovu mambo ni tofauti, kinga ya mwili inayoshambulia haijali unywele umetoka kisogoni. Kumpandikiza mtu ambaye uvimbe haujaisha ni kupanda mahindi na fuko yumo shambani.

Na kuna mengine. Kwenye kovu damu inapita kidogo kwahiyo vipandikizi vingine havishiki hata kama ugonjwa umelala, ndio maana wanavipanda kwa nafasi, havibanwi. Nywele zetu mzizi wake umejikunja ndani ya ngozi, fundi aliyezoea nywele zilizonyooka akichimba moja moja kwa kile kibomba anaikata nusu, unapoteza mbegu na kisogo kinabaki na matundu. Faida yetu ni kwamba nywele ya kujikunja inafunika eneo kubwa, chache zinatosha. Na sisi ngozi nyeusi tunapata kirahisi keloidi, yaani kovu linalovimba. Mwenye kovu la sikio lililovimba baada ya kutoboa lazima aseme kabla hajakatwa popote.

MamaJay_Sakina

Jamani asanteni, nimesoma yote nikarudia. Shanty_Mama nimecheka hapo kwenye sendofu alafu nikalia kidogo. Nimemuuliza yule wakala jana usiku, nikamwandikia kabisa ugonjwa wangu ni CCCA nina majibu ya kinyama nikutumie? Kajibu hakuna shida madam, kapunguza bei. Majibu hata hajayaomba.

Sasa Afisa niambie ukweli, mimi nitafaa lini? Au nisahau? Na hiyo keloidi, nina kovu la sindano ya bega la utotoni limevimba kidogo, linahesabika? Na kama kupandikiza siwezi, wigi je linaharibu?

AfisaNgozi_KLM

Usisahau, ila usikimbilie. CCCA ikitulizwa vizuri kupandikiza kunawezekana, madaktari wanafanya. Wengi wanataka ugonjwa uwe umelala angalau mwaka mmoja, wengine wanasema miaka miwili. Kulala maana yake hauwashi, hauumi, ukingo haujasogea kwenye picha, na daktari akiangalia kwa kile kimashine cha kukuza haoni magamba wala wekundu kuzunguka nywele. Wengine wanakata kinyama kingine kuhakikisha. Alafu fundi mwangalifu hapandi yote, anapanda kieneo kidogo cha majaribio, mnasubiri miezi, zikishika ndio mnaongea habari ya kazi kubwa. Na dawa za kutuliza unaendelea nazo kabla na baada, mtu akikuambia ukipandikiza unaachana na dawa huyo kimbia. Kifurushi cha hoteli hakina nafasi ya kusubiri miezi, hapo ndipo ninapopata shida nacho.

Kovu la bega linahesabika, lionyeshe. Bega lenyewe ni mahali panapopenda kuvimba kwa hiyo si lazima kichwa kifanye hivyo, ila hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na kieneo kidogo.

Nimalizie kwa wanaosoma kimya kimya: wale wa kuvutwa na rasta kwa muda mrefu mpaka ikawa kovu, na wenye makovu ya kuungua, hao habari yao ya kupandikiza ni nzuri zaidi maana hakuna ugonjwa unaoendelea, mradi kuvuta kumekoma.

Msusi_Kijenge

Wigi nakujibu mimi. Halina shida kama ni la kuvaa na kuvua. Usigundishe, gundi ikibanduliwa inabeba na vile vichache ulivyonavyo. Usishonewe juu ya mistari iliyobanwa. Vaa kofia laini ndani, usiku vua kichwa kipumue, na uoshe hilo wigi jamani, wengine linanuka moshi wa jikoni. Kama ni duara la utosini tu kuna vipande vidogo vya kubana na klipu, ila klipu isikae kwenye ukingo unaouma, hamisha hamisha. Kuna unga wa kunyunyizia pia rangi ya nywele unafunika ngozi isionekane, kwa ajili ya kanisani unatosha.

Ukitaka kuja kunyolewa fupi ukajiona ulivyo njoo Kijenge, nyuma ya pazia, hakuna anayeona. Ukikatwa fupi yote na duara lenyewe linapungua kuonekana, usicheke.

Shanty_Mama

Na mzee mwambie nyumba itamaliziwa na kichwa kitatibiwa, kimoja hakizuii kingine. Hela ya advansi usitume mwanangu.

MamaJay_Sakina

Sijatuma mama, na situmi. Naendelea na doksi na sindano mpaka tarehe ya kurudi, na picha ya kwanza kanipigia Jay asubuhi hii, kaigawa vibaya nitamrudisha apige tena. Msusi nitakuja Jumamosi. Afisa swali la mwisho, kliniki wanasema nije vipi kichwa, kilichosukwa au?

AfisaNgozi_KLM

Njoo umefumua, umeosha, na siku hiyo usipake mafuta wala ule unga wa kunyunyizia, vinaziba hatuoni ukingo. Dawa zote unazotumia beba na maboksi yake, hata za asili, hata ile ya kitunguu. Na fika mapema, basi la kwanza la kutoka Arusha, maana wa Rombo na Same wanakuwa wameshakaa kwenye benchi kabla ya jua.